Maji Yalikuwepo

Nimechoka kusimulia habari hii, maana kila ninayemwambia hunipa pole, na mimi sitaki pole.

Jirani yangu wa mlango wa pili huku Munuki, mjini Juba, alikuwa bibi muuza chai. Ua mzima tulimwita Haboba, yaani nyanya kwa Kiarabu cha Juba. Kila Jumapili alikwenda kanisani Kator akaketi benchi la nyuma kabisa, kwa kuwa hakuwa amebatizwa. Alikuwa mke wa pili. Ujanani aliambiwa amwache mume au angoje. Akangoja, akazaa, akazeeka. Mzee alipofariki ndipo akaandikishwa mafundisho, abatizwe mkesha wa Pasaka. Ngoja ngoja huumiza matumbo: Kwaresima haijafika katikati, akaanguka. Hospitalini walisema moyo wake umechoka, tumrudishe nyumbani.

"Mwalimu," aliniambia asubuhi moja, kwa Kiswahili alichookota ukimbizini Uganda, "mimi iko na Yesu hapa ndani siku mingi. Lakini kama mimi nakufa bila maji, yeye atanijua?"

Nilimwambia namfuata padri sasa hivi. Kabla sijatoka alilalamikia joto, nikachota maji kwenye jerikeni nikammwagia kichwani, kikombe baada ya kikombe, mpaka akatabasamu. Kisha nikapanda boda.

Padri alikuwa amekwenda kuzika nje ya mji. Nikaketi barazani kumngoja zaidi ya saa mbili, nikinung'unikia sheria za Kanisa na wanaume wa wake wawili. Mwishowe katekista, mzee mpole, akakubali kuja badala yake. Tulipofika langoni, wanawake walikuwa wameshaanza kulia.

Katekista alisimama kando ya kitanda, akaitazama jerikeni.

"Mwalimu, si maji yalikuwepo?"

Kwetu Kenya nilifundisha watoto katekisimu miaka kumi na mmoja. Nani aweza kumbatiza mtu aliye karibu kufa? Mtu yeyote, wakaitikia wote kwa sauti, nami nikawagawia peremende. Hata maneno yenyewe ya kubatiza, maji mara tatu kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, tuliyaimba darasani. Kwamba huyo mtu yeyote ningekuwa mimi, halikunijia kabisa. Nimelelewa hivyo: jambo zito likitokea, tunamkimbilia padri.

Katekista alinifariji. Alisema kiu ya Haboba ilimtosha Mungu, imani yake ilikuwa imeyatangulia maji kwa miaka mingi. Namwamini. Sina wasiwasi na wokovu wake, pengine ana nafasi nzuri kuliko yangu.

Lakini Haboba alikuwa ameniuliza mimi, na aliondoka bila jibu. Hilo ndilo linalonichosha, na vile vikombe. Nimevikumbuka kimoja kimoja. Nilimmwagia kichwani mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nikizungumza habari za joto.