Mgeni Haulizwi Kabla Hajala

Kwetu upande wa Igowole mgeni haulizwi shida yake mpaka ale ashibe anawe mikono. Hata angekuja simba, mama angempa kigoda na ugali, ndipo amuulize kama kaja kula watu.

Basi kaka yangu alikuwa kamaliza darasa la kumi na mbili kule Iringa, wa kwanza kijijini. Kemia aliijua mpaka mbuzi walikuwa wanampisha njia. Miaka hiyo ya hamsini Tanganyika haina chuo kikuu, mtu anakwenda mpaka Kampala, na nafasi ya kemia kwa milima yetu yote ilikuwa moja. Mwalimu wake akatuma neno: profesa anatoka Iringa kwenda Mbeya, atasimama kwenu amsaili huyo kijana. Asipomwona, nafasi anapewa mwingine.

Mvua ikanyesha wiki nzima, samaki wakawa wanatembea barabarani wanauliza njia. Siku yenyewe, asubuhi, ikaingia landirova imepakwa matope mpaka paa. Nyuma madebe, chupa, na harufu ya kukata pua.

"Ndiye," kaka akaninong'oneza, tai ya kuazima imemkaba.

Mzungu akashuka mbio. "Mama, hapa iko watu? Mimi nataka..."

"Kaa, baba. Utasema ukishakula."

Kijiji kizima kikaja kuangalia profesa anavyokula. Jogoo akaisha. Ugali mkubwa kama kilima ukaisha. Kila akifungua mdomo aseme, mama anamwongezea mchuzi, na mzee wa jirani anamjazia ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

"Akili nyingi zinakula sana," shangazi akaniambia. "Ndiyo maana wewe unashiba haraka."

Mwisho akanawa. Kaka akasimama wima, akaimwaga kemia yake yote, ya maji, ya chumvi, ya moto. Mzungu akamtazama kama mtu aliyeona ng'ombe anaimba.

"Mimi hapana profesa. Mimi nauza dawa ya kuogesha ng'ombe. Profesa iko nyuma, bonde ya pili, gari yake nalala kwa tope. Yeye nasema lete watu nasukuma. Kama hapana watu saa sita, yeye narudi."

Jua lilikuwa la saa nane. Watu wa kusukuma hata treni walikuwa wamekaa pale pale, wanalamba vidole.

Tulikimbia mimi na kaka mpaka mapafu yakatutangulia. Bondeni tukakuta mifereji ya magurudumu imejaa maji, na mama mmoja analima pembeni.

"Lori la mbao limemvuta," akasema. "Wamerudi Iringa wote."

Kaka akaenda Iringa kesho yake. Profesa alishaondoka alfajiri, na ile nafasi ikaondoka naye.

Aliporudi, yule wa dawa alikuwa bado anauza kwenye vijiji vya jirani. Akamwambia kaka anahitaji mtu wa kupima dawa na kuikoroga kwenye josho. Wakaenda wote Mbeya, na kutoka huko mpaka Ubaruku.

Alirudi mwaka uliofuata, kakonda, mikono imebabuka, ananuka lile debe. Mama akamwekea kigoda, akasonga ugali. Kaka akala, akashiba, akanawa mikono.

Tukakaa. Hakuna aliyemuuliza.