Kozi Isiyohitaji Kibali

Katika chumba cha nyuma cha hospitali, kati ya chumba cha kufulia na stoo, anafanya kazi mwanamke anayetengeneza meno na, siku hizi, macho. Wenzake humwita Mama Meno, naye huitika. Humwaga plasta kwenye kalibu, hupanga meno juu ya nta, huyapika na plastiki ya rangi ya waridi, kisha huyasugua mpaka ulimi wa mgonjwa ukose pa kulalamikia. Macho aliyaongeza kwa ajili ya binti yake.

Binti huyo alipewa jina la Kasuku kwa sababu mdomo wake haupoi. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule uvimbe ulipoonekana ndani ya jicho lake la kushoto. Daktari wa macho hakuzunguka: jicho litolewe, mtoto abaki. Likatolewa, mtoto akabaki, na maneno yake yote. Ndani ya tundu daktari aliacha kigamba chembamba cha plastiki, akasema jicho bandia litafuata. Tatizo ni kwamba nchi nzima haikuwa na fundi wa kulitengeneza.

Mama Meno aliulizia huku na huku mpaka akajibiwa na karakana moja ng'ambo. Macho bandia, walimwandikia, hutengenezwa kwa plastiki ya jamii ileile ya meno; kwa fundi kama yeye wiki sita zinatosha, na nafasi ya bure ipo. Alikuwa ameshaazima koti la baridi pale maradhi ya kuambukiza yalipotapakaa duniani, na nchi ile ikawafungia mipaka wageni wa muda mfupi. Waliobaki kuruhusiwa ni wanafunzi wenye kibali cha masomo. Akaomba kibali. Maombi yakarudi.

"Hujanyimwa, mama," karani wa ubalozi alimweleza akiwa nyuma ya kioo. "Kozi yako ni fupi. Haihitaji kibali."

"Nikienda bila kibali nitaingia?"

"Hapana. Wageni hawaingii."

"Basi nipeni kibali."

"Si nimekwambia hukihitaji?"

Dada yake aliyemsindikiza alishindwa kuvumilia. "Kaka yangu, yaani mlango mmeufunga, halafu ufunguo hamtoi kwa sababu zamani mlango ulikuwa wazi?"

Karani alicheka, akageuka kutazama nyuma, kisha akashusha sauti. "Aombe upya. Aeleze kwamba anajua hakihitajiki, ila anakitaka kwa ajili ya mpakani. Kuna wanaopewa."

Akaomba upya. Ofisi ya kuchukulia waombaji alama za vidole ikafungwa, ikafunguliwa nusu siku, ikafungwa tena.

Ni katika kungoja huko ambapo kigamba kilichomoka, Kasuku akinawa uso. Kliniki ya macho ilikuwa ikipokea dharura tu. Mama alijaribu kukirudisha mwenyewe, mtoto akapiga kelele.

"Kinauma, mama! Kiache kipumzike kidogo."

Mama Meno alifikiri kama fundi wa meno. Jino likishang'olewa, fizi huachwa inywee na kutulia, ndipo kipimo kichukuliwe. Fundi mwenye pupa hutengeneza meno yatakayocheza mdomoni baada ya muda mfupi. Hilo amewaeleza wagonjwa wasiohesabika. Basi akakiosha kigamba, akakihifadhi, akaliacha tundu litulie. Kila kibali kilipochelewa, alijifariji kwamba kidonda nacho kinazidi kupona.

"Subira yavuta heri," dada yake alimwambia, naye akakubali.

Kibali kilipotoka, Kasuku alikuwa ameshapanda darasa.

Huko ng'ambo alifundishwa kulaza nyuzi nyekundu za hariri juu ya weupe ziwe mishipa, na kupaka kahawia tabaka juu ya tabaka mpaka rangi ipate kina. Mikono yake ilizoea haraka. Siku moja mwalimu, mzee asiyependa soga, alimuuliza binti yake amevaa nini kwa sasa.

"Hajavaa kitu. Nimeliacha tundu litulie, kama fizi."

Mzee aliweka brashi chini. "Tangu lini?"

Akamwambia.

"Tundu la jicho si fizi," mwalimu alisema taratibu. "Likikaa tupu hujifunga. La mtoto hujifunga upesi zaidi."

Alimaliza kozi. Aliporudi alimkalisha Kasuku mbele ya dirisha na kuanza kuchora.

"Usipepese."

"Mbona wewe unapepesa? Tena unalia."

"Rangi hii inawasha."

Jicho lilitoka zuri. Alipolipachika, likateleza na kuangukia kwenye aproni. Akaliweka kwenye sahani, akatengeneza jingine dogo zaidi, nalo likaanguka. Hilo la pili akalisugua kulipunguza, tena na tena, mpaka likakaa kwa muda, likaonekana la mwanasesere, kisha likaanguka. Daktari alisema upasuaji wa kupanua tundu unaweza kujaribiwa mtoto akikua, ila hakuahidi kitu. Tangu hapo Mama Meno ametengeneza macho ya watoto wa watu, na yanakaa.

Jioni ya jaribio la mwisho Kasuku alikuwa bado kitini, miguu haifiki chini.

"Limekataa?"

"Limekataa, mwanangu."

"Kwa sababu walichelewesha kibali?"

Mama angeweza kuitikia tu. "Kibali kilichelewa. Lakini aliyekiacha kigamba nje ni mimi."

"Mimi ndiye niliyesema kipumzike."

"Wewe ulikuwa unaumwa. Fundi ni mimi."

Kasuku alilichukua lile jicho la kwanza kwenye sahani, lile zuri, akaligeuza kwenye mwanga.

"Tumpe mtoto mwingine basi."

"Halimfai mwingine," mama alisema. "Nililichora nikikutazama wewe."