Rangi ya Bibi Harusi Chini ya Balbu za Baba Yake

Wiki ile yote usingizi ulinikimbia kwa sababu ya swali moja: vipi kama rangi ninayoiona mimi kuwa ya kweli ni ya kweli kwa macho yangu tu? Nilikuwa nimemwahidi rafiki yangu, niliyesoma naye chuo hapa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwamba picha za siku ya mahari yake zitamtoa alivyo: mweusi wa kuiva, mwenye wekundu kidogo mashavuni ambao huuoni mpaka umkaribie.

Siku ya kujitambulisha kwa wakwe, mpiga picha mwingine alimtoa mwekundu kama tofali, kisha kwenye kompyuta akamsafisha hadi akawa na rangi ya chai ya maziwa. Wakwe zake wa Sange wakaipitisha picha ile simu kwa simu, na shangazi wa mume akauliza, "Na yule tuliyemuona, alienda wapi?" Watu walicheka. Rafiki yangu alilia.

"Weye ndiye utanipiga picha," aliniambia. "Unitoe miye mwenyewe. Sitaki watoto wangu waulize huyu mama ni nani."

Tatizo lilikuwa balbu za baba yake. Mzee yule hapendi taa nyeupe za siku hizi. Anasema zinafanya wageni wafanane na wagonjwa. Sebule yake, mtaani Nyamianda, inawashwa na balbu za zamani, zile zenye waya mwembamba unaowaka ndani ya kioo na kutoa joto kama jiko. Mwanga wake ni wa njano, na kamera inausoma vibaya. Ukiirekebisha mpaka shati jeupe liwe jeupe, ngozi bado inabaki imeungua. Kwa hiyo nilikuwa nimejifunza kutengeneza profili ya rangi: unapiga picha ya kadi yenye viraka vya rangi zinazojulikana, chini ya mwanga uleule, na kompyuta inapima kamera imekosea wapi kwenye kila kiraka, kisha inasahihisha picha zote za mwanga huo.

Nilitengeneza profili yangu studio, chini ya balbu ya aina hiyohiyo. Nilijipiga mkono, nikampiga jirani, nikajipiga mkono tena. Ilikuwa sawa. Halafu nikaanza kujiuliza kama ilikuwa sawa kupita kiasi.

Patron wangu, mwenye studio, alichoka nami. "Weye unafikiri sana, mudogo wangu. Tutasafisha tu ku mashini. Hakuna mutu alishakataa picha yenye iko inangaa."

"Huyu alikataa," nilisema.

"Basi piga. Lakini usinicheleweshee sherehe ya watu."

Siku yenyewe tuliingia sebuleni pamoja na wageni wa upande wa mume, kwa sababu kabla yao haruhusiwi mtu asiye wa familia. Kina mama wa nyumba walikuwa wamefunika kuta nzima kwa vitenge vyekundu. Mapazia mazito yalikuwa yameshushwa. Mwanga wa balbu ulikuwa ukigonga vitenge na kurudi kwenye nyuso za watu ukiwa mwekundu zaidi. Nilimpiga mjomba mmoja kwa kujaribu, nikaangalia kioo cha kamera: rangi ileile ya tofali. Balbu zilikuwa zilezile za studio, lakini mwanga ulikuwa mwingine. Profili yangu haikuwa ya chumba hiki.

Dawa niliijua. Picha moja tu ya kadi, pale kwenye mkeka ambapo bibi harusi atasimama, na nyumbani ningetengeneza profili mpya. Lakini mazungumzo yalikuwa yameshaanza. Wasemaji wa familia mbili walikuwa wanarushiana maneno matamu, na kwetu anayekatiza mazungumzo ya mahari analipa faini, kasha la bia, mbele ya watu wote. Bia sikuiogopa. Niliogopa macho. Nikawaza: watasema amesoma bure. Nikawaza: labda mwekundu kidogo si mbaya. Nikawaza: labda hataona.

Ataona. Hilo nililijua bila kuwaza.

Wasichana wa kwanza walitolewa wamefunikwa vitenge, mchezo wa kumtafuta bibi harusi. Msemaji wa upande wa mume aliinua ncha ya kitenge, akatikisa kichwa: "Hapana, huyu si wetu!" Vigelegele. Patron akaninong'oneza nipige tu. Chumbani bibi harusi alikuwa anafungwa kilemba. Akishatoka, mkeka ungejaa watu na nafasi ya kadi ingekuwa imekwisha.

Niliitoa kadi kwenye mfuko, nikapita katikati ya viti, nikapiga magoti mbele ya msemaji wa upande wa bibi harusi.

"Baba, nisamehe. Ninaomba dakika moja."

Akacheka kwa sauti. "Amende! Faini! Mupiga picha ameukata mudomo wa wakubwa!"

"Nitalipa, baba. Kasha zima."

"Na hii nini?" akaionyesha kadi kwa kidole. "Na yenyewe tunaitolea mahari?" Sebule ikapasuka kwa kicheko, na upande wa mume mtu akapaza sauti, "Wallahi ndiye mwenye rangi kuliko wasichana wote, tuchukue huyo!"

Uso uliniwaka, lakini sikuinuka kurudi. "Ni ya kumtoa mutoto wenu na rangi yake," nilisema. "Isipokuwepo, atatoka kama ile siku ingine." Msemaji akainua kidole kimoja: "Dakika moja tu."

Shangazi wa bibi harusi, aliyekuwa akilinda mlango wa chumbani, alikuja bila kuombwa. "Nisimame wapi?" Nilimwonyesha katikati ya mkeka. Aliishika kadi chini ya kidevu chake, akainua uso kuelekea balbu. Nilipiga mara moja, nikakagua, nikapiga tena. Sasa nilikuwa na mwanga wa chumba hiki kwenye kadi, na nyumbani ningeweza kumtoa rafiki yangu alivyo.