Udongo wa Chunya

Sauti ya karai likikwaruzwa na koleo hunitia aibu mpaka leo. Juzi mafundi wa jirani yetu hapa Tabata walianza kuchanganya zege asubuhi na mapema, nikafunga madirisha yote, na hata chai ikanishinda.

Nilikuwa na miaka tisa baba aliponichukua likizo twende Chunya, mji wa dhahabu tangu enzi za wakoloni. Babu, ambaye sikumjua, alifukiwa na kifusi huko akichimba, na mwili wake haukupatikana. Bibi tuliishi naye. Hakuwa mtu wa kulalamika, ila kila tulipotoka mazikoni alisema, "Wenzangu wana pa kupalilia."

Mimi nilitegemea mji unaong'aa. Nikakuta nyumba kuukuu zisizo na mapaa na mtambo wa kusagia mawe ulioliwa na kutu, mbuzi wawili wamelala ndani yake kama wenye hati. Mwenyeji wetu alituonyesha vyote kwa fahari. Kilichonivutia ni akina mama waliokuwa wakiosha udongo dimbwini: wanazungusha karai, maji yanamwagika na mchanga, chini inabaki chembe ya dhahabu. Baba hakuwatazama. Alichota udongo mwekundu kando ya shimo lililofukiwa, akaujaza kwenye chupa ya maji, akaipakata safari nzima. Sikuuliza. Nilishajua mwenyewe kilichomo.

Tuliporudi, bibi alikuwa Manzese kwa shangazi. Kesho yake, baba akiwa kazini, nilichukua karai la mama la maandazi, nikakaa bombani, nikaosha udongo wote mpaka ukaishia mtaroni. Sikuona hata chembe. Baba aliporudi nikampokea mlangoni.

"Shikamoo baba. Ule udongo nimeshauosha, hamna kitu."

Hakunipiga. Bora angenipiga. Alichutama mtaroni, akatia mkono kwenye maji ya sabuni, akatoa tope jeusi, akaliachia.

"Jumamosi ndugu wanakuja tuuzike," alisema bila kunitazama. "Ndiye babu yako huyo, mwanangu."

Jioni nilimwona nyuma ya nyumba akijaza chupa upya kwa udongo wa uani.

Jumamosi bibi alimimina udongo kidogo kiganjani, akausugua kwa kidole gumba, akautazama.

"Ahsante, baba," akamwambia mwanawe. "Umenirudishia mume wangu."

Ulizikwa pembeni ya uzio. Bibi akapanda asumini juu yake, akapapalilia kila Ijumaa mpaka alipofariki.

Miaka mingi niliamini kwamba tulimdanganya. Nilishakuwa mtu mzima ndipo nilipowaza jambo lililokuwa wazi siku zote: udongo wa Chunya ni mwekundu, wa kwetu Tabata ni wa kijivu. Bibi aliolewa Chunya, akazalia huko, na macho yake yalikuwa mazima. Alijua tangu siku ile, na hakuniuliza hata mara moja. Nami nilimwacha akafa bila kumwomba radhi.