Nilivyompoteza Bwana Harusi Sikuda

Mimi ni mpenzi wa redio za mawasiliano, na jamaa zangu hapa Tororo wamechoka kunisikia. Harusi ya binti wa jirani yetu, Haji, ilinipa nafasi ya kuwaonyesha. Asubuhi nilikwenda Busia, nikaficha redio ndogo chini ya kiti cha gari jeupe la bwana harusi, kisha nikawahi kurudi. Gari likisogea, redio inatuma mahali lilipo, nami naona alama yake kwenye ramani ya kompyuta.

Nyumbani kwa Haji nilipewa kipaza sauti. Nikatangaza kwamba bwana harusi ameondoka Busia, wanawake wakapiga vigelegele. Kisha alama ikaacha barabara kuu, ikaingia kijiji cha Sikuda, ikatulia. Hilo nalo nikalitangaza.

Haji akanisogelea. "Sikuda yeye nakwenda fanya nini?"

"Amesimama kwenye boma la mtu," nikasema, kipaza sauti kikiwa bado wazi.

Shangazi wa bibi harusi akakumbuka kwamba kijana huyo aliwahi kuposa huko. Chumbani, bibi harusi akaanza kuvua bangili. Haji akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kwamba redio haidanganyi.

Mtu aliyesimama nyuma yangu akaniomba kipaza sauti kwa upole.

"Asalam aleikum, Haji," akasema bwana harusi. "Mimi nimefika kitambo, nilikuwa msikitini na shehe. Gari jeupe lililoko Sikuda ni la mjomba wangu; langu liko hapo nje. Limepitia mbuzi."

Akanirudishia kipaza sauti. "Endelea, ndugu. Waambie mbuzi wamefika wapi."