Jogoo wa Shukrani Kabla ya Matokeo

Nianze na kosa lenyewe, nisije nikaogopa katikati nikaliruka. Katika mtihani wa kujiunga na shule ya masista, shule ambayo mama alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini kama watu wanavyotaja ugonjwa wa mkubwa fulani, niliacha ukurasa mzima wa mwisho mtupu. Maswali kumi kati ya hamsini. Sikuugua, sikusinzia. Nilikuwa nafuta penseli.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimetoka kumaliza darasa la saba katika shule ya serikali pale Kimandolu, na nilikuwa na utaratibu wangu. Kila swali lilikuwa na kazi nne: kuandika jibu kwa penseli, kulihakiki, kulipitia kwa kalamu ya wino, halafu kufuta penseli iliyobaki chini ya wino, polepole, karatasi isichanike. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Wenzangu walienda masomo ya ziada kila jioni. Mimi mama alininunulia furushi la mitihani ya miaka ya nyuma kwa muuza vitabu vya mitumba, akalibwaga mezani na kusema, "Mwalimu wako huyu hapa. Hachelewi, hagomi, na haombi nauli." Basi nikajifundisha mwenyewe. Shida ya kujifundisha mwenyewe ni kwamba hakuna mtu wa kukwambia basi, inatosha, nenda kacheze.

Mama naye hakuwa mtu wa kusema inatosha. Alikuwa akiuza ndizi sokoni, anatoka alfajiri, anarudi jioni, na muda mchache aliokuwa nyumbani aliutumia kunivizia. Nikiwa bafuni, nimejipaka sabuni mpaka machoni, mlango unagongwa.

"Saba mara nane!"

"Hamsini na sita!"

"Kumi na mbili mara kumi na mbili!"

"Mama, sabuni!"

"Sabuni si jibu."

Kisha akasikia kwamba masista huwaita watoto kwa mahojiano. Sisi ni Walutheri, tena Walutheri wa Meru, wa tangu babu wa babu. Mama hakujali. Alimwomba jirani yetu Mkatoliki anifundishe ishara ya msalaba na Salamu Maria, ili nikiulizwa nisiduwae. Bibi yangu, mama yake mama, alipopata habari alikuja mwenyewe mpaka Kimandolu kuuliza.

"Huyu mtoto ataingia kule Mlutheri, halafu atoke nani?"

"Atoke daktari," mama akajibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya mtihani ilikuwa Jumamosi. Wazazi waliachwa nje ya uzio. Mama hakuwa mtu wa kusubiri bure, kwa hiyo alikuja na beseni la ndizi mbivu na kuwauzia wazazi wenzake, ambao kwa wasiwasi walikuwa wanakula chochote. Ndani, mimi nilikuwa nafuta. Nakumbuka nilivyofurahi. Karatasi yangu ilikuwa safi kama kitambaa cha altare. Niliposikia "kalamu chini" nilikuwa ndiyo kwanza nimefuta penseli ya swali la arobaini, na napuliza vumbi la ufutio.

Sista aliyekuwa anakusanya aliitazama karatasi yangu, akaigeuza, akauona ule ukurasa, akaigeuza tena. Akasema kwa upole uliouma kuliko kofi, "Una mwandiko mzuri sana."

Nje, mama alikuwa amebakiwa na ndizi mbili. Moja akanipa.

"Pepa imekaaje?"

"Imekaa vizuri."

"Umemaliza?"

Ningeweza kusema pale pale. Lakini alikuwa ameshika ile ndizi nyingine kama mtu anayesubiri ruhusa ya kuimenya. Kichwa changu kikakubali chenyewe, mara mbili. Akaimenya, na kabla hajaimaliza alikuwa kwenye simu.

"Shikamoo, mama. Mjukuu wako amewamaliza. Ndiyo. Wote."

Sikuambiwa bibi alisema nini, ila nilisikia vigelegele vyake bila simu kuwekwa sauti kubwa. Bibi anaishi juu kidogo ya Maji ya Chai, mteremkoni mwa mlima, kwenye kahawa na migomba yake. Waliafikiana kwamba Jumapili inayofuata tuende kanisani kwake kutoa shukrani.

"Mama," nikasema, "matokeo bado wiki tatu."

"Wewe umemaliza au hujamaliza?"

"Nimemaliza."

"Sasa tunasubiri nini?"

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kila siku niliamua kumwambia. Siku ya Jumatano niliandika ungamo langu kwenye karatasi, kwa penseli kwanza, nikalihakiki, nikalipitia kwa wino, kisha nikaona herufi za mstari wa tatu zimelala upande, nikaichana. Mnaona mtu alivyo. Hata kuungama nilitaka nipate mia kwa mia.

Kwa asiyejua makanisa ya kwetu mlimani, shukrani mara nyingi haiji ndani ya bahasha. Watu huleta mkungu wa ndizi, mayai, debe la mahindi, kuku, na ibada ikiisha wote husimama nje na vitu hivyo hunadiwa, fedha ziingie kanisani. Na kuna desturi ninayoipenda kuliko zote: aliyenunua mara nyingi haondoki na kitu. Anasema, "Huyu nampa mgeni," au "Mayai haya nampa mama mjamzito pale." Sadaka inazunguka mpaka kila mtu amepata sababu ya kupiga makofi.

Bibi alichagua jogoo. Alikuwa mwekundu, mwenye mkia wa kujivuna, na tulipofika Jumamosi jioni alikuwa jikoni ameshafungwa kamba mguuni, akinitazama kwa jicho moja. Nilijua akinadiwa yule jogoo, uongo wangu utakuwa umesajiliwa mbinguni.

Kwa hiyo Jumapili alfajiri nilinyata jikoni nikafungua kamba. Nilitegemea atoroke, aingie kwenye migomba na kupotelea kwa majirani. Hakutoroka. Alisimama mlangoni akinisubiri nimpe mahindi. Nikamsukuma kwa mguu. Akazunguka nyumba, akarudi. Nikamkimbiza mpaka kwenye kahawa, umande ukanilowanisha hadi magotini, na niliporudi nikihema nilimkuta ametangulia, amepanda juu ya paa la jiko, anawika kuamsha wote niliotaka waendelee kulala.

Mama akatoka amejifunga kanga. "Nani amefungua huyu jogoo?"

"Labda amefungua mwenyewe."

"Fundo la bibi yako? Amelifungua kwa mdomo?" Akamtazama jogoo, akanitazama miguu iliyolowa. "Basi naye tumpe mtihani. Ana akili."

Bibi, aliyekuwa nyuma yake, alisema neno la Kimeru ambalo sitalitafsiri.

Kanisani tuliitwa mbele. Nilikuwa nimejipanga kwamba mama atashukuru kwa mimi *kufanya* mtihani, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu, na ningeweza kusimama pale bila dhambi. Mama akashika kipaza sauti.

"Bwana Yesu asifiwe."

"Ameni."

"Namshukuru Mungu, mwanangu amefanya mtihani wa shule ya masista, na amefaulu."

Makofi. Kwaya ikaanza wimbo bila kuombwa. Nikamvuta gauni. "Mama, matokeo!"

"Tabasamu," akasema bila kufungua meno.

Nje, mzee wa kanisa mwenye kazi ya kunadi alipanda juu ya benchi na jogoo mikononi. Mzee huyu ndiye aliyewafanya vijana wabaki mpaka mwisho wa ibada.

"Haya, jogoo wa mwanafunzi! Huyu hawiki Kimeru, anawika Kiingereza! Nani anaanza?"

Walianza, wakapandishana, wakacheka, na mwishowe akachukuliwa na mama mmoja mnene wa kwaya aliyekuwa bado na joho lake. Akamchukua jogoo, akamnyanyua juu.

"Mimi simpeleki nyumbani. Nampa mwanafunzi mwenyewe. Anywe supu, apate nguvu ya kidato cha kwanza!"

Makofi tena. Ghafla nina jogoo kifuani, moyo wake unapiga kwa kasi ileile ya wangu, na mzee ananisogezea kipaza sauti. "Mwanafunzi, tupe neno moja."

Nilitafuta neno moja. "Asante" lingetosha, ni neno zuri, halina hatari. Lakini jogoo akachagua dakika ile kunichafulia gauni jeupe, tangu kifuani mpaka kiunoni, na mimi mtu wa kufuta penseli nikaona kwamba hakuna tena cha kuhifadhi.

"Sijafaulu," nikasema. "Yaani sijui. Nimeacha maswali kumi. Ukurasa wote wa mwisho. Mama hajui. Nilimdanganya."

Mtoto fulani akauliza kwa sauti, "Kwa hiyo jogoo anarudi?" akazibwa mdomo.

Mzee wa mnada akakohoa. "Ndugu zangu, kumbe tumekosea jina. Tulidhani ni jogoo wa shukrani, kumbe ni jogoo wa maombi. Na maombi lazima yapande bei kuliko shukrani, maana yana kazi zaidi. Mwanafunzi, unamrudisha mnadani?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nikamrudisha.

"Tunaanza upya! Jogoo wa maombi! Nani?"

Watu wakaangua kicheko, kile cha kupumua baada ya hofu, na mikono ikaanza kupanda. Mimi sikutazama mikono. Nilimtazama mama. Yeye hakunitazama. Alikuwa amekaza macho kwa jogoo, uso umenyooka kama ubao uliofutwa, na mara akanyanyua mkono na kutaja bei ambayo ilinyamazisha uwanja. Hakuna aliyempandia. Mama akanunua jogoo wa nyumbani kwao, akambana kwapani, akaaga wazee wote kwa adabu, "shikamoo, shikamoo," kisha akaanza kushuka njia ya Maji ya Chai bila kuniita.

Nikamfuata, hatua kumi nyuma.

Matokeo nawaambia hapa, nisiwaweke roho juu: jina langu halikuwemo. Nilienda shule ya kata, na mengine niliendelea kujifundisha mwenyewe kama kawaida yangu; hata kazi yangu ya sasa, ya kupanga kurasa za kadi za harusi na vipeperushi, nimejifunza kwenye simu. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilichotaka kujua ni kama nina mama.

Tulipofika penye shule ya msingi aliyosoma yeye akasimama.

"Unajua kwa nini nimemnunua?"

"Hapana, mama."

"Siwezi kuacha mtu amle huku anasimulia habari zetu. Tutamla wenyewe, na tutanyamaza."

"Ndiyo, mama."

"Kumi yote?"

"Kumi yote."

"Na ulikuwa huyajui?"

Hapo ndipo lilipouma. "Nilikuwa nayajua."

Akanigeukia. "Yataje."

Mwanzoni mwa mtihani tuliambiwa tuhesabu kurasa kama zimetimia, nami nilipoufikia ule wa mwisho niliyasoma maswali yake. Wiki nzima nilikuwa nikiyajibu kichwani. Basi nikamtajia, tukiwa tunatembea sasa sambamba. La kwanza lilitaka sehemu ya mmea inayofyonza maji. La pili lilikuwa kupanga sentensi za Kiingereza. La tatu, bomba moja linajaza tangi, lingine linamwaga maji yake, tangi litajaa baada ya saa ngapi.

"Kwa nini wasilizibe hilo linalomwaga?"

"Hawakuuliza hivyo, mama."

"Ndiyo maana shule zao ni ghali."

Nikaenda hivyo mpaka la tisa. Na hapa naungama jambo ambalo mama atalisoma kwa mara ya kwanza humu. Swali la kumi sikuwahi kulisoma. Lilikuwa chini kabisa ya ukurasa, na sista aliposema "anzeni" nilirudi mbele mbio. Lakini nilikuwa nimeshasema nayajua kumi, na mama alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunisemesha. Sikutaka kusema "tisa". Nikalitunga pale pale, nikalifanya jepesi, ili naye alipate, afurahi kidogo.

"La kumi," nikasema, "mkungu una vichane tisa. Kila kichane kina ndizi kumi na nne. Ndizi ni ngapi?"

Hakupunguza hata mwendo. "Mia na ishirini na sita." Halafu akasimama. "Subiri. Hilo nalo uliliacha?"

"Niliacha, mama."

"Swali la ndizi?"

"Ndiyo."

"Masista wa watu wanakuulizia ndizi! Wewe! Mwanangu mimi! Wamekuhurumia, wamekuwekea ndizi, na wewe unafuta penseli!"

Alinichapa kwa ncha ya kanga yake, begani, mara tatu, na mara ya tatu alikuwa tayari anacheka, jogoo anarukaruka kwapani, watu wa bodaboda barabarani wanageuka kututazama. Alicheka ndani ya daladala mpaka Kimandolu.

Yale tisa ameshayasahau. La ndizi bado hajanisamehe. Kila mgeni akija lazima alisimulie, na mimi huwa nainama tu na kukubali kosa.