Milima Kwenye Ukuta wa Mamangu

Mamangu alianza kuchora akiwa ndani ya eda ya babangu. Hakuwahi kufundishwa, hata shule aliiacha mapema, kwao Taita. Nyumbani kwetu Mtongwe kulikuwa na makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi za kakangu mdogo, ambaye hupaka nyumba za watu. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta amejifunga leso kiunoni, brashi chakavu mkononi, ukuta wa ukumbini umeota mlima.

Nilibaki mlangoni, viatu mkononi. Mama hakuwa msemaji wa habari za kwao. Tulijua tu kwamba aliteremka akiwa msichana kuja kufanya kazi za nyumbani Likoni, akasilimu, akaolewa na baba. Sasa kwao kukawa kunatokeza kidogo kidogo: ukungu uliokwama mabondeni, matuta ya maharagwe yaliyopanda hadi juu, wanawake wenye mizigo ya kuni, kamba imepita kwenye kipaji cha uso. Watu wake hawakuwa na vidole, na mbuzi mmoja alikuwa mkubwa kuliko nyumba. Lakini baridi ya kule niliihisi, wallahi, mimi ambaye sijapata kupanda mlima. Waliokuja kutupa mkono wa tanzia waliishia kuukodolea macho ukuta.

Kisha akamchora mtoto wa kike mlangoni mwa nyumba ya nyasi, gauni la manjano. Huyu alimtia vidole vyote.

"Huyu ni wewe, mama?" nilimtania.

"Siye mimi. Ni dadako."

Nilicheka. Mimi ndiye kifungua mimba, ndivyo nilivyolelewa. Mama hakucheka.

"Nilimzaa kabla ya kuja huku. Nilimwacha kwa mamangu, ndiyo kwanza anasimama dede."

Nilijikuta nimekaa sakafuni, juu ya magazeti yenye rangi mbichi.

"Baba alijua?"

"Alijua. Alinioa kwa sharti nisimtaje mbele ya wanawe. Nami nikakubali."

Babangu! Mtu aliyekuwa akiokota paka wa barabarani akiwaleta nyumbani wapewe maziwa.

"Na huyo dada yu hai?"

"Yu hai. Watu wa kwetu wanaouza mboga sokoni hunipa habari zake."

Eda ilipokwisha, kakangu alikwenda kwa wauza mboga hao, akapata namba ya simu ya dada, akampigia. Alikuja. Nilipomfungulia mlango nilikuwa kama natazama kioo: macho yangu, mwanya wangu wa meno, ila nywele zina mvi.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba."

Mama alitoka jikoni. Nilidhani watakumbatiana, lakini kila mmoja alisimama alipo. Mgeni wetu aliutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Njia ya chemchemi haipiti hapo," akasema. "Inapita nyuma ya nyumba."

"Ilikuwa ikipita hapo," mama akajibu.

"Haijapata. Mimi ndiye niliyekuwa nikiteka maji."

Mama alijiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaingia chumbani, akatoka na brashi, akamnyooshea. Dada hakuipokea.

"Chora wewe. Mimi nitakuonyesha."

Basi wakaanza, mmoja anaelekeza, mwingine anafuta na kupaka, wakisemezana Kitaita. Sikuwahi kumsikia mamangu akiisema lugha hiyo. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, nyepesi, ya mwanamke nisiyemjua. Mimi na kakangu tulisimama katika nyumba yetu wenyewe kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Dada ameshakuja mara kadhaa tangu hapo, na mama bado anachora. Mlima umeshakata kona kuelekea chumbani. Mimi bado sijapoa. Kila nikiinua mikono kumwombea babangu dua, maneno hukatika katikati, nikabaki namuuliza yeye kwa nini, badala ya kumwombea.